Meno Aliyopewa Sihaba

Ati, "Mdomo usio na meno hautoi ushahidi, wifi." Hayo ndiyo maneno Hafsa aliyomtupia Sihaba pale Mahege, uwanjani kwa watu, na watu wakacheka. Hata wa kwao Sihaba walicheka. Leo Hafsa akikataa kwamba hakusema, muulize mbona Mwanabibi, aliyekuwa anachambua mchicha pale, alishika mbavu.

Ugomvi wenyewe ni shamba la mikorosho. Marehemu Kondo, kaka yake Sihaba, siku zake za mwisho alimshika dada yake mkono, akamtembeza shambani, akamwonyesha safu ya mikonge aliyoipanda mwenyewe. Chini ya mikonge ni ya wanawe wa mke wa kwanza, Ridhiwani na Maimuna. Juu ya mikonge ni ya Hafsa, mke mdogo. Hapakuwa na mtu wa tatu. Wakati huo korosho nani anaitaka, unaikanyaga unapita. Ilipoingia ruksa ya kila mtu kufanya biashara, wanunuzi wakaja na malori mpaka mlangoni, ndipo Hafsa akakumbuka kwamba shamba lote ni lake na mikonge imeota yenyewe. Shahidi ni Sihaba peke yake, na Sihaba meno ya mbele ya juu hana hata moja. Akisema "safu" inatoka pumzi tupu.

Wazee wakaweka baraza Ijumaa, baada ya sala. Sihaba akasema basi, meno nitayatafuta.

Kibiti, nyuma ya soko, alikuwepo fundi meno mmoja, Abdulrazaq, kafungua chumba chake cha pazia. Miaka ile kila mtu alikuwa anafungua kitu. Fundi akamjaza nta ya moto kinywani, akangoja igande, akaitoa na alama za fizi zote. Akamwambia, "Rudi Jumatatu, bibi. Na nakwambia mapema, yatakuuma. Meno mapya lazima yaume, utarudi niyapige tupa kidogo kidogo."

Jumatatu Sihaba akafika adhuhuri. Fundi hayupo, kaenda msikitini. Mlango wazi, na nyuma ya pazia kasimama mwanamke kajitanda kanga nyeupe mpaka machoni, kanyoosha mkono wenye kikaratasi.

"Meno yako, Sihaba."

Naye akapokea, akashukuru, akayavaa palepale kwa pupa, hata bismillahi hakusema. Jina lake yule mwanamke kalijulia wapi, hakujiuliza.

Yakamkaa. Hayakumuuma hata chembe. Hilo la kwanza.

La pili ni harufu. Kufika nyumbani, Maimuna akamuuliza shangazi yake kama alipitia Delta, maana akifungua kinywa kinanuka tope, lile jeusi la kwenye mikoko maji yakishakupwa. Sihaba akasema ni dawa ya fundi. Jumanne kutwa alipita mbele ya mlango wa Hafsa mara nne, anatabasamu. Hata njaa aliisahau kwa kutabasamu.

La tatu likaja Jumatano, adhuhuri, alipokaa kwenye mtungi na kata yake kutia udhu. Siku zile alisukutua nayo humohumo, leo akataka ayatoe. Hayatoki. Akavuta kwa kucha, akavuta kwa pindo la kanga, mpaka fizi zikatoa damu, meno yameng'ang'ana kama kazaliwa nayo. Akainama ateme, akayasikia yanagongana humo kinywani, ka, ka, ka, na yeye taya kalikaza halisogei. Kisha kinywa kikasema, kwa sauti yake Sihaba mwenyewe, sauti ya ujana wake, safi, haina pengo:

"Shamba lote la Hafsa."

Kata ikamponyoka.

Alhamisi alfajiri yuko njiani kwenda Kibiti, kanga kaibana mdomoni. Alimkuta fundi anafungua kufuli. Kabla hajamsalimu, fundi akamlaumu.

"Ulikuwa wapi, bibi? Meno yako yako hapa toka Jumatatu."

Akafungua kitambaa. Meno mapya, kaakaa lake la waridi, waya wake wa kushikia, yanangoja. Sihaba akauliza kwa sauti ya chini, "Na mkeo aliyenipa yale?"

"Mimi mke sina, bibi. Na nikienda kusali nafunga."

Basi Sihaba akatoka pale bila kuaga, akaishika barabara kwa miguu, mabasi ya Lindi yanampita yanampigia honi yeye hasikii, anachosikia ni ile ka, ka, ka inayokwenda sawa na hatua zake, akisimama inasimama, akikimbia inakimbia, na tope lile linamjaa kooni mpaka akaona maji ya mikokoni yanapanda kifuani mwake, na ulimi wake mwenyewe umelala humo kama mgeni kwenye nyumba ya mtu, mpaka akaanguka kizingitini kwa Maalim Mshamu, anayesomea wenye majini.

Maalim akasoma mpaka jasho likamtoka. Alipofunika kitabu alisema taratibu:

"Huyu hakukushika kwa nguvu, Bibi Sihaba. Anatafuta mdomo, na wewe wako unauonea haya. Hapo ndipo alipopashika. Jini namsomea. Hiyo haya yako siwezi kuisomea."

Sihaba alikasirika kuliko alivyoogopa. Usiku huo alilala usingizi mzuri tu, kama mtu aliyekwisha kuamua.

Ijumaa watu wamejaa. Mzee Tamimu, mwenye baraza, akamwambia aseme alichokiona. Sihaba akafungua kinywa, meno yakang'aa, na ile sauti tamu ikaanza, "Shamba lote la..." Hafsa akajiweka kanga vizuri begani. Ridhiwani akainamisha kichwa.

Sihaba akaufumba mdomo kwa mikono miwili. Akainuka, akaenda katikati ya mkeka, akaitupa kanga aliyojitanda, na maneno akayasukuma kutoka tumboni kama mtu anayesukuma jiwe.

"Mimi kibogoyo. Hafsa kasema kweli, meno sina. Nitazameni, mnicheke."

Yakalegea. Yakadondoka mkekani, ka. Hapo akasema kwa fizi zake, "Hahu ya mikonge."

Wakacheka. Akawangoja wamalize, akasema tena. Wakacheka wachache. Mara ya tatu hakucheka mtu. "Chini ya wanawe. Juu ya Hahha. Kondo kanionyesha kwa mkono wake." Mpaka wa shamba ukabaki mikongeni, na hadi leo uko mikongeni.

Walipotazama mkekani, meno hakuna. Pana tone la tope jeusi, bichi, na aliyeyaokota hakuna aliyemwona.

Ya fundi Sihaba alikwenda kuyachukua, akayavaa na bismillahi yake. Yakamuuma wiki mbili, na kila yakimuuma anafurahi.

Hafsa simsingizii kitu. Meno yake anayo yote, ya Mungu. Lakini toka Ijumaa ile, kila adhuhuri anafunga mlango, na anayepita pale anasikia humo ndani, ka, ka, ka.

Sasa wewe umesikia. Ukifika huko kwenu wape na wenzio: mtu akiwapa meno yasiyouma, wamtazame kwanza. Na uwaambie mikonge ile alipanda Kondo. Sema hivyohivyo, hata siku ukiwa huna jino.