Kitambaa Chini ya Goti

Kila asubuhi, pasi zikianza kupata moto, wanawake wa chumba cha pasi katika kiwanda cha mashati walifunga miguu yao. Kila mmoja alizungusha kitambaa chini kidogo ya goti, akakaza, akapiga fundo. Walisema kinaupa mguu nguvu ya kusimama mpaka jioni. Nani alianzisha? Hakuna aliyejua. Ila aliyekaza kuliko wote alikuwa Chuma.

Chuma lilikuwa jina la utani, na alilipata kwa ubishi. Akisema hapana ni hapana, hata ulie machozi. Lakini kazi aliiweza jamani! Shati likitoka mikononi mwake lilikuwa limenyooka hasa, na yeye alijivunia hilo waziwazi. Viti havikuwepo. Msimamizi alivikataza. "Anayekaa anasinzia," alisema.

Basi mguu wa kushoto wa Chuma ukaanza kufa ganzi. Mwanzo ilikuwa jioni tu, kisha hata asubuhi. Chuma akazidi kukaza kitambaa.

Mumewe alikuwa fundi viatu. Siku moja alishika kiatu cha mkewe, akakigeuza.

"Mke wangu, mbona soli imelika hapa mbele? Unaburuta mguu?"

"Kiatu chako kibovu. Usiusingizie mguu wangu."

"Nimekishona mwenyewe."

"Ndiyo maana!"

Mumewe alicheka, kisha akainama kuutazama mguu wenyewe. Juu ya mguu, karibu na vidole, palikuwa na lengelenge kubwa.

"Umeungua lini?"

Chuma akatazama. Hakujua. Labda ni maji ya moto ya pasi, lakini hakusikia kitu. Hapo hofu ilimshika kweli. Mguu ukienda, kazi imekwenda.

"Kesho zahanati," alisema mumewe.

"Siendi."

"Nitakubeba mgongoni, mtaa mzima utazame."

Akaenda, amenuna.

Muuguzi alikisafisha kidonda na kumtoboa kidole kupima sukari. Alimuuliza kama mgongo unauma na kama mkojo unatoka sawasawa. Kisha akasema, "Inua vidole vya miguu." Vya kulia vikainuka. Vya kushoto vikasuasua.

"Ganzi ina sababu nyingi, dada," alisema muuguzi. "Sukari ikizidi mwilini huharibu neva. Neva ndizo nyuzi zinazopeleka habari kati ya mwili na ubongo. Ukosefu wa vitamini nao huziumiza, na pombe nyingi pia. Wakati mwingine neva imebanwa mgongoni. Na ukisimama bila kusogea, damu hupanda kwa shida na miguu huvimba. Kwa hiyo hatubahatishi. Tunapima."

Sukari ilikuwa sawa. Muuguzi akapandisha sketi mpaka gotini, akaona mfereji mwekundu kwenye ngozi.

"Hii alama ya nini?"

"Ya kitambaa. Kinatupa nguvu."

"Kinakubana neva! Shika hapa, upande wa nje. Unasikia mfupa? Neva inapita hapo hapo, chini ya ngozi tu. Ndiyo inayoinua mguu wako."

"Tunafunga wote!"

"Basi wafungue wote. Badilisha mguu wa kuegemea. Tembea kidogo. Kaa inapowezekana, na usikunje nne. Udhaifu ukizidi, au miguu yote miwili ikalegea, au mkojo ukakataa, njoo mara moja. Sasa nenda kwa daktari akuone na akupe mazoezi."

"Msimamizi hataki viti."

"Hilo halina sindano, dada. Hilo ni lako."

Asubuhi Chuma aliingia kazini na kigoda kirefu kichwani.

"Fungueni hivyo vitambaa!" aliwaambia wenzake. "Tunajiua miguu wenyewe!" Akawaeleza yote. Kisha akakaa, akashika pasi.

Msimamizi alifika mbio. "Nani kaleta kiti?"

"Mimi."

"Simama!"

"Sisimami. Kagua shati kwanza. Ukikuta kunyanzi, nifukuze."

Msimamizi alikagua kola, mikono na mgongo. Alitafuta kunyanzi mpaka akatoka jasho. Akalirudisha shati na kuondoka. Kesho yake vigoda vilikuwa vitatu, na baadaye kila meza ikawa na chake. Waliketi, wakasimama, wakatembea kidogo, na mashati hayakupungua.

Mguu wa Chuma ulichukua majuma mengi kupona. Ulianza kwa kuchomachoma, usiku akalalamika mpaka mumewe akachoka. Kisha vidole vikainuka, kimoja baada ya kingine. Siku hiyo Chuma alilia kwa furaha na hakujificha.

Asubuhi moja msimamizi aliingia amevaa tai.

"Wakubwa wanakuja kututembelea. Ondoeni vigoda upesi!"

Pasi zote zikatulia. Chuma hakugeuza hata shingo.

"Waje," alisema. "Na wao tutawapa vya kukalia."

Hakuna aliyeinuka.