Gauni la Madoa

Vedastus alikutana na Dafroza kwenye soko la mitumba la Memorial, Moshi, mwaka 1994, asubuhi ya kufungua marobota, watu wakikanyagana. Alikuwa ameshika koti jeusi la suti, na muuzaji hakutaka kuliachia.

"Hili si saizi yako, kaka," Dafroza alimwambia. Alikuwa amevaa sketi ya bluu na sweta jekundu lililomkaa vizuri, na mwenyewe alijua.

"Si langu, ni la wateja. Nina studio ya picha. Asiye na koti namwazima."

"Na mimi utaniazima koti?"

"Wewe hata na gunia utapendeza."

Basi mapenzi yakaanza. Niseme mapema kwamba Dafroza alikuwa na wivu, na si ule wa kukoleza penzi kidogo. Wivu wake ulipika, ukapakua na kuosha vyombo.

Miezi minane baadaye Vedastus akaenda Dar kupiga picha za ufukweni jua linapozama: kanisa la Azania Front, kivuko, taa za bandari. Pazia la studio yake lilichorwa Mlima Kilimanjaro, na watu wa Moshi walichoka kupigwa picha mbele ya mlima wanaouona bure kila asubuhi. Mchoraji Ndelilio alitaka picha za kunakili kwenye pazia jipya. Siku ya tatu Vedastus alipiga simu Moshi, duka la jirani wa Dafroza mtaani Pasua, Dafroza akaitwa.

"Umekula, mpenzi?"

"Usinizungushe. Uko na nani?"

"Na kamera yangu."

"Kamera haikohoi. Nimesikia mtu akikohoa."

"Ni foleni ya simu, Dafu. Jumamosi niko hapo."

Jumamosi hakuonekana. Alitokea Jumapili jioni, viatu vimejaa tope jekundu, wala hakusema alilala wapi. Jumatatu Dafroza alifika studioni akakuta picha zimeanikwa kwenye kamba. Mnara wa kanisa, taa ndiyo kwanza zinawaka, na pembeni mwanamke wa gauni la madoa. Kivuko, gauni la madoa. Bandari usiku, madoa tena.

"Huyu nani?"

Vedastus alijikuna shingo. "Joyness."

Joyness alikuwa mchumba wake wa zamani, na Dafroza alilijua jina hilo kuliko majina ya shangazi zake.

"Ndelilio alitaka mtu wa kipimo, ajue ukuta una urefu gani," Vedastus alisema. "Na picha ya gizani lazima mtu asimame sekunde ishirini bila kutikisika. Wapita njia hawakubali."

"Dar nzima, anayejua kusimama ni Joyness peke yake?"

"Nilikosea kukuficha. Lakini hakuna kitu..."

"Na Jumamosi ulikuwa unapima nini?"

Hakungoja jibu. Aliichukua kamera mezani, akaifungua mgongo, akaivuta filamu yote kama anayetoa utumbo wa kuku, akaishika juu mbele ya dirisha lenye jua. Vedastus alikaa chini taratibu.

"Jumamosi nilipitiliza hadi Boma Ng'ombe," alisema. "Mjomba alinisubiri na mbege, pombe ya posa, tukapanda Masama kwa baba yako, kukuposa. Aliipokea. Nikampiga picha ameshika kata ya mbege, anacheka. Nilitaka uione kwanza, ndipo nikwambie."

Dafroza aliitazama filamu. Ilikuwa imeshaungua kwa mwanga, haina picha tena. Baba yake, mtu asiyecheka ovyo, alikuwa amecheka kwa ajili yake, na yeye ndiye aliyemfuta.

"Nenda nyumbani," Vedastus alisema. "Kamera ndiyo jembe langu. Mtu wa kunivunjia jembe simuwezi."

Wiki tatu zilipita bila simu. Dafroza alikonda, majirani wakamshangaa. Mwisho akapanda Masama, akamwamkia baba yake shikamoo, akaeleza yote bila kujitetea. Baba yake, Mzee Kastori, aliendelea kupogoa kahawa.

"Masale yapo pale mpakani mwa shamba," alisema. "Umekosa. Kachume."

Kesho yake Dafroza alisimama mlangoni pa studio na jani la sale lililopigwa fundo. Kwetu, anayekuletea sale huna budi kumsamehe. Ukikataa, lawama inakurudia wewe.

"Nimekukosea," alisema. "Na wivu bado ninao, sikudanganyi."

"Na mimi nilikuficha Joyness, kisha nikakuficha Masama." Vedastus alinyoosha mkono. "Lete."

Alilipokea. Ndipo Dafroza akaliona pazia jipya nyuma yake: bahari, taa, mnara wa kanisa, na pembeni gauni la madoa.

"Nilimwambia Ndelilio anakili picha," Vedastus alisema kwa hofu. "Amenakili kila kitu."

Dafroza alifuta machozi, akaenda mbele ya pazia, akasogea hatua moja kushoto hadi madoa yote yakapotea nyuma yake.

"Chora chaki hapa miguuni. Kila mteja wako atasimama hapa."

Siku ya harusi alisimama hapo Mzee Kastori, na kata yake mkononi.

"Cheka, baba," Dafroza alimbembeleza.

"Nilishacheka," mzee alisema. "Mkaifuta picha."

Picha hiyo ipo hadi leo, sebuleni kwao. Mzee amekaza uso, Dar inawaka taa nyuma yake, na gauni la madoa halionekani.