Aliyetoka Nyumba ya Liwali

Jumanne ile Yusta aliamka vizuri tu. Alimwacha mumewe Nickson, aliyekuwa likizo, akimpa uji binti yao Happyness, naye akapanda bodaboda mpaka nyumba ya Liwali, nyuma ya stesheni ya Kilosa. Yusta ni afisa utamaduni. Alikuwa ametumwa kuandika habari za watu mashuhuri waliowahi kukaa humo, ili kibao kiwekwe mlangoni.

Alimkuta mlinzi wa nyumba, Mzee Tomasi, barazani anachambua mbaazi.

“Shikamoo, babu.”

“Marahaba, mwanangu. Haya, andika. Aliyejenga ni Liwali Mwinshehe. Akafuata daktari wa reli. Wa mwisho Mwanakheri, diwani, aliyewafundisha kina mama kusoma. Huyo aliingia humu mchana mmoja, mwaka sabini na nne. Alipotoka, mama yake mzazi alimkataa. Alisema, huyu si mwanangu. Mpaka anaingia kaburini hakuwahi kuitikia shikamoo yake.”

Yusta alitabasamu kwa adabu. Hilo hakuliandika.

Aliingia peke yake, maana mzee miguu ilimsumbua. Akapiga picha za milango ya mninga na dirisha la nyuma lenye nondo. Kazi haikuchukua hata nusu saa. Alikuwa anafunga mkoba aliposikia mtu akisema barazani:

“Nimemaliza, babu. Unaweza kufunga.”

Sauti ilikuwa yake mwenyewe.

Kufuli likalia. Yusta akakimbilia mlangoni, akaupiga kwa viganja vyote viwili. “Babu! Nipo ndani!” Kupitia upenyo aliuona mgongo wa Mzee Tomasi, hatua mbili tu kutoka pale. Mzee aliendelea na mbaazi zake. Mbele yake, mwanamke aliyevaa kitenge kama cha Yusta alikuwa anapanda bodaboda.

Akarudi kwenye dirisha la nyuma. Wapita njia walikuwepo. Akaita mpaka koo likakauka. Hakuna aliyegeuka. Alipochuchumaa kwa kuchoka ndipo alipoona ukuta chini ya dirisha. Ulikuwa umekwaruzwa kwa msumari, mstari juu ya mstari, kwa mwandiko safi wa mwalimu.

MAMA NIPO HUMU. MAMA NIPO HUMU.

Mistari ya chini kabisa ilikuwa bado inadondosha vumbi la chokaa.

Akampigia mumewe. Simu ikaita. Ikapokewa.

“Nickson, nimefungiwa nyumba ya Liwali.”

“Wewe ni nani?” Nickson alinong’ona. “Yusta yupo hapa uani. Anamsuka mtoto.”

“Muulize huyo, mama yangu kazikwa wapi.”

Alimsikia akiuliza. Akaisikia sauti yake mwenyewe, tulivu, ikijibu kwa mbali: “Kisanga, si unajua? Pembeni ya kaka yangu Ditram.”

Ilikuwa kweli.

Yusta aliuma kitenge asilie. “Sikiliza, baba Happy. Usimwamini yeye, na mimi usiniamini. Mchukue mtoto, sema unakwenda dukani. Njoo ufungue hii nyumba. Ukiikuta tupu, rudi kwa mkeo.”

Simu ikakatika.

Akasubiri. Ukutani, karibu na goti lake, kitu kikakwaruza. Hakutazama. Kikakwaruza tena.

Kufuli likalia. Mlango ulipofunguka, Nickson alisimama kizingitini na mtoto begani, hana hata viatu. Nyuma yake Mzee Tomasi alikuwa ameshika kufuli. “Lakini nilikuaga mimi mwenyewe,” alisema. “Mimi mwenyewe, mwanangu.”

Yusta alitoka mbio. Hakugeuka nyuma, na mpaka leo hilo linamuuma, kwa sababu yeye alifunguliwa, Mwanakheri bado yumo.

Nyumbani hawakukuta mtu. Palikuwa na kigoda tu na kitana. Kichwa cha Happyness kilikuwa kimesukwa upande mmoja, mistari saba ya twende kilioni, mtindo ambao Yusta hajawahi kujua kuusuka. Alipozifumua, ndani ya kila mstari alikuta mvi ndefu zimesokotwa pamoja na nywele za mtoto. Akazichoma. Akamnyoa kichwa kizima.

Sasa Happyness yupo darasa la kwanza. Nywele zimeota, nyeusi, nzito. Isipokuwa upande ule. Pale zinaota mistari saba, imenyooka, nyeupe.