Kioo cha Ng'ambo ya Njia

Mlango wa chumba cha giza haukugongwa ovyo. Uwanja mzima wa mbio ulijua kwamba mwanga ukiingia, picha imekufa. Basi siku ile ulipogongwa mara tatu, mimi na Babu tulitazamana.

"Nani huyo asiye na adabu?" Babu aliuliza.

"Shikamoo mzee. Mimi mgeni. Naomba kuiona picha ya mwisho wa mbio."

Babu alifunika karatasi zake, akafungua. Aliingia mwanamke mrefu, buti zimejaa matope, nyasi kavu kichwani. Ndiye mtunzaji wa farasi mweusi aliyetangazwa wa pili.

"Niliiona pua yake ikitangulia," alisema. "Ila yule wa kahawia alimfunika. Kwenye kioo je?"

Nilijisogeza nyuma ya Babu.

Enzi hizo kamera ya Babu ilikaa mnarani, ikiutazama mstari wa mwisho kupitia upenyo mwembamba. Ng'ambo ya njia palisimama kioo kirefu, ili farasi aliyefichwa na mwenzake aonekane humo. Kukifuta kila asubuhi ya mbio ilikuwa kazi yangu. Babu aliponikabidhi kitambaa alisema, "Mjukuu wangu, ukikosea, niambie kabla sijauliza." Nikaahidi huku nikichekacheka.

Asubuhi ile sikukifuta. Nilikuwa bandani nikimsuka farasi wa kahawia manyoya ya shingo, kwa sababu mpandaji wake alikuwa kaka yangu. Mbio sita mfululizo Kaka alikuwa ameambulia vumbi tu. "Nikipata kikombe, Kidole," aliniahidi kwa jina langu la utani, "wewe ndiye utakayekibeba uwanjani." Sasa alikuwa nje amekikumbatia. Nilimsikia akicheka.

Babu aliinamia picha, akamwambia mgeni, "Kioo kina ukungu. Labda ni vumbi la kwato, mwanangu..."

"Si la kwato, Babu," nilisema. Sauti ilinitoka nyembamba kama uzi. "Sikukifuta."

Matone ya maji yalidondoka kutoka kwenye filamu. Babu hakunigombeza. Aliwasha taa nyekundu, akaikuza sehemu ya kioo peke yake, akaizamisha karatasi kwenye dawa. Mpaka leo nikinusa siki, huikumbuka harufu ya chumba kile, na sisi watatu tumeinamia sinia. Polepole, pua nyeusi ikachomoza katikati ya ukungu, mbele ya ile nyingine kwa upana wa kidole.

Tulimpelekea mwamuzi picha, nami nikasema mbele ya Kaka kwamba sikukifuta kioo. Mwamuzi aliitazama, akabadilisha matokeo.

"Wewe ni ndugu au adui?" Kaka aliniuliza.

"Ndugu," nilijibu, nikilia.

Babu alinishika bega. "Kamera haina jamaa," alisema ili Kaka naye asikie. "Lakini inaona kile tu tulichokifuta. Mashine hutupa picha; uaminifu tunautia sisi, kwa kufanya kazi yetu na kusema tulipoikosea. Leo umekosa kufuta, mjukuu wangu, ila hukuchelewa kusema."

Kaka alikifuta kikombe kwa mkono wa shati. Kisha akaninyooshea.

"Nilisema utakibeba," alisema. "Haya, kibebe."

Nikakipokea kwa mikono miwili. Nikaivuka njia ya mbio, mbele ya watu wote, hadi kwa yule mgeni.