Mkanda wa Nne wa Pikipiki ya Theluji

Lorna Fedoruk alikuwa amechoka. Uchovu wake haukuwa wa siku moja. Ulianza Desemba, na sasa Februari ilikuwa inaisha.

Kila wiki alipanda mlima kupima theluji katika vituo vitatu. Alididimiza bomba refu kwenye theluji, akasoma kina, akalivuta, akalipima kwa mizani, akaandika namba. Idara ya maji ilizisubiri namba hizo ili ijue mito itajaa kiasi gani theluji ikiyeyuka. Zamani kazi hiyo ilikuwa ya mumewe, Orest. Magoti ya Orest yalipoharibika, Lorna akairithi kazi, pamoja na pikipiki ya theluji.

Pikipiki hiyo ilitengenezwa kwa ajili ya milima. Ilikuwa nyepesi na yenye nguvu za kutisha. Lakini ilikuwa inakula mikanda. Mkanda ndio unaotoa nguvu kwenye injini na kuipeleka chini, kwenye mpira unaotambaa juu ya theluji. Ukikatika, huendi popote.

Jumanne hiyo mkanda wa tatu ulikatika baada ya kituo cha pili. Lorna alivua glavu, akachomoa vipande kwa vidole vilivyokufa ganzi, akafunga mkanda wa akiba. Huo ulikuwa wa nne. Hata kilomita mbili hazikwisha, akasikia harufu ya mpira unaoungua.

"Ah, na wewe pia!" alisema peke yake. Akavaa viatu vya kutembelea kwenye theluji, akateremka kilomita tisa kwa miguu.

Alipofika nyumbani, Orest alikuwa anakaanga pirogi, vimaandazi vya viazi, pamoja na vitunguu. Alimtazama mkewe, akazima jiko.

"Mkanda tena?"

"Yote miwili."

"Unavuta mafuta kwa pupa, Lorna. Nimekwambia, uishike taratibu."

"Nimetembea kilomita tisa, bwana. Usinifundishe leo."

Orest akamvua buti moja, kisha la pili. Soksi zilikuwa zimelowa chapachapa.

"Idara wamepiga simu," alisema. "Ukihesabu na leo, kituo cha tatu umekikosa mara mbili. Ukikikosa tena, kazi wanampa mtu wa helikopta."

Lorna alikula pirogi tatu, akalala na nguo zake za kazi.

Kesho yake jirani yao Maren aliishusha pikipiki kwa kuikokota. Maren alikuwa fundi kwenye duka la wakala wa pikipiki hizo mjini, mwanamke wa maneno mengi na mikono ya haraka. Aliifungua palepale bandani.

"Shoga, mikanda mingapi msimu huu?"

"Minne. Orest anasema ni mkono wangu."

"Mkono wako hauna kosa. Hebu tazama." Maren aliisukuma injini kwa kiganja. Ikacheza. "Hivi vishikio vya injini ni laini mno. Ukipanda mlima, injini inavutwa, inakaa upande. Mkanda nao unakimbia upande, unajisugua, unaungua. Hata ungefunga mikanda mia, yote ingeungua."

"Kwa hiyo pikipiki imekufa?"

"Imekufa wapi! Kiwanda kiliona kosa hilo mwaka jana. Kimetoa vishikio vigumu na programu mpya ya kompyuta yake. Mkanda ukipata moto, taa inawaka hapa mbele. Unasimama, unaacha upoe, unaendelea. Wanafunga bure. Hamkupata barua?"

"Barua gani?"

"Mlinunua kwa mtu?"

"Kwa Clyde, wa kule kwenye kiwanda cha mbao."

"Basi barua ilikwenda kwa Clyde. Kiwanda kinamjua yeye tu. Ukinunua mkononi mwa mtu, lazima uende kwa wakala na namba ya chasisi, uandikishe jina lako. Namba hii hapa ubavuni, imegongwa kwenye bati. Usipojiandikisha, watakupataje?"

Orest alikuwa amesimama mlangoni, ameegemea fimbo yake.

"Clyde aliniambia," alisema.

Wanawake wote wawili wakageuka.

"Alikwambia nini?" Lorna aliuliza.

"Kwamba kuna barua. Lakini huku kila mtu anajua, ukiwapelekea pikipiki kiwandani wanaibana nguvu. Unawapa farasi, wanakurudishia punda."

Maren alicheka. "Kila mtu ndio nani, mzee? Wale mnaokunywa nao bia? Nimefunga vishikio kwenye pikipiki kumi na moja. Hakuna hata moja iliyokuwa punda. Nguvu ni zilezile. Wanaosema hivyo hawajawahi kufungiwa."

Lorna hakucheka. "Ulijua tangu lini?"

"Tangu Oktoba."

"Na ukaniacha nipande."

Orest alitazama chini. Lorna alikuwa na hasira, lakini hata kugomba kunataka nguvu, na yeye hakuwa nazo. Alimsaidia Maren kupakia pikipiki kwenye trela.

Kazi ilichukua siku mbili. Jumanne iliyofuata Lorna alipanda tena. Kwenye mwinuko mkali, taa iliwaka. Alisimama, akafungua kifuniko, akanywa kahawa ya chupa huku mkanda ukipoa. Taa ikazimika. Alipima kituo cha kwanza, cha pili, na cha tatu: sentimita mia mbili na kumi na nne. Saa nane mchana alikuwa nyumbani, na soksi zake zilikuwa kavu.

Orest alikuwa mezani. Mbele yake palikuwa na fomu ya kuandikisha mwenye pikipiki. Maren alikuwa ameileta.

"Umefika kituo cha tatu?"

"Nimefika."

"Ilipanda vizuri?"

"Kama zamani."

Orest aliinua kalamu.

"Si maneno ya watu yaliyonizuia," alisema. "Nilitaka ibaki vilevile. Kwamba magoti yakipona, nitaikuta na nguvu zake zote. Nikakutembeza kilomita tisa kwa ajili ya mtu ambaye harudi tena mlimani."

Lorna alitaka kumwambia kwamba huenda magoti yatapona. Lakini wote wawili walijua hayatapona.

Orest aliandika polepole kwenye mstari wa mwenye pikipiki: Lorna Fedoruk. Akaigeuza fomu upande wake, akampa kalamu.

"Weka sahihi," alisema. "Wakituma barua nyingine, ikupate wewe."