Aliyesimama Kushoto

Siku ile mjinga alikuwa Inspekta Ngumbao, na hakuna aliyelisema hilo kwa sauti kubwa kuliko yeye mwenyewe. Alipishana na mwizi mlangoni, wakajuliana hali kama watu waliolelewa wakaleleka, mwizi akamwomba msaada mdogo, akasaidiwa, akaenda zake. Inspekta akaingia ndani kunyolewa ndevu.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi, mwezi wa Agosti 1947, katika kibanda cha Masha kinyozi, Changamwe, hatua chache kutoka reli. Masha alikuwa ametoka kuchota maji bombani. Ngumbao alikaa kitini, akanyoosha shingo, akatazama kioo kilichokuwa mbele yake ili, kama kila Jumamosi, aione ile picha iliyotundikwa ukuta wa nyuma.

Kiooni hakuona picha. Aliona msumari, na chini ya msumari mraba mweupe wa chokaa ambayo haikupata kuguswa na moshi.

Masha akaingia na ndoo, akatazama alikotazama Inspekta. Ndoo ikamponyoka. Maji yote yakaishia kwenye viatu vya serikali.

"Afande," alisema Masha kwa sauti ndogo, "wameniibia India."

Hakuwa anatania, ingawa utani ndio uliokuwa kazi yake ya pili. Watu walitoka Miritini, wengine hata Kisauni, kuja kunyolewa na Masha, na si kwa sababu ya wembe wake, ambao ulikuwa na ukatili wake. Walikuja kwa ajili ya picha.

Masha alikuwa askari wa vita vya Burma. Walipotolewa huko walipelekwa kupumzika Ranchi, India, na siku moja wakapakiwa kwenye lori wakatembezwa. Kwanza waliona ziwa lililo katikati ya mji, lenye kisiwa chenye miti. Kisha wakapita msitu maili nyingi mpaka maporomoko ya Hundru, mahali ambapo mto mzima unajitupa kutoka juu ya mwamba. Mpiga picha wa Kihindi aliyekuwa akiwangojea wageni huko chini, kichwa ndani ya kitambaa cheusi, aliwasimamisha askari wawili mbele ya maji. Kulia Masha. Kushoto askari mwingine, mrefu, kofia mkononi, anacheka.

Masha alinyoa huku anasimulia. Alisimulia ukungu wa maji unaolowesha sare ukiwa bado hatua mia mbili. Upinde wa mvua unaolala miguuni pa mtu kama mbwa wake. Mngurumo ambao huusikii kwa masikio, unausikia kifuani. Wateja, ambao wengi hawakupata kupita Voi, walitoka pale wamenyolewa vibaya na wana kiu ya mahali wasipopajua. Ngumbao alikuwa mmoja wao. Alikuwa na miaka arobaini na mitano, na mbali alikopata kufika ni Taveta, akimfuata mwizi wa mbuzi.

Kwa hiyo siku ile alifanya kazi kwa bidii, na kwa ujinga vilevile.

Alikagua ukuta. Msumari haukupinda, na hapakuwa na kipande cha kamba kilichobaki. Picha iliinuliwa taratibu, kama mtu amwinuavyo mtoto aliyelala. Wala haikuwa nyepesi. Fundi mmoja wa reli alikuwa ameitengenezea fremu ya mvule na kuitia kioo kinene kilichotoka kwenye dirisha la behewa kuukuu. Mtu angeweza kuibeba, lakini si kukimbia nayo.

"Ulitoka kwa muda gani?"

"Muda wa ndoo moja kujaa, Afande."

"Ukamwacha nani?"

"Mutua, kwenye benchi. Na Mzee Kaviha. Na Mama Mahamri pale kizingitini, kama kawaida yake."

Wote watatu Ngumbao alikuwa amekutana nao akija, na kila mmoja alimwomba jambo. Mzee Kaviha alimuuliza saa. Mutua, mpakiaji mizigo wa reli, aliomba kiberiti. Mama Mahamri, yule mama aliyeuza mahamri mlangoni pa Masha, aliomba atwikwe kapu lake. Ngumbao aliwasaidia wote. Polisi mwenye adabu ni taabu kwa serikali.

Mzee Kaviha alitembea kwa magongo mawili, na mwenye magongo mawili hana mkono wa kuibia. Mama Mahamri alikuwa mama wa watu. Lakini Mutua alikuwa na kitu bapa kwapani, kimefungwa kwa gazeti, naye alikuwa akienda haraka. Tena juma lililopita alisema mbele ya wateja kumi kwamba Masha alipigwa picha mbele ya pazia la kuchorwa, na kwamba picha ile ingekuwa yake angeitia jikoni.

Kufika adhuhuri, Konstebo Dishon alikwisha kumleta kituoni, pamoja na kile kitu chake.

"Hiki ni nini?" aliuliza Ngumbao.

"Vitu vyangu."

"Vitu gani?"

"Vya nyumbani, Afande."

"Fungua."

Lilikuwa sinia jipya la bati, limechorwa maua mekundu. Mutua alieleza, macho yakiwa sakafuni, kwamba alikosana na mkewe Pascalia tangu Jumatano, kwamba hilo ndilo la kumwombea radhi, na kwamba angeshukuru kama wenzake wa reli wasingesikia. Dishon alitoka nje kukohoa. Ngumbao aliamuru sinia lifungwe tena kama lilivyokuwa.

Mlangoni Mutua aligeuka. "Afande, mimi nilimtania Masha kwa sababu. Nilimuuliza, huyu wa kushoto ni nani? Akaniambia, askari tu. Nikamuuliza tena juma lililofuata, akanikata hapa." Alionyesha sikio. "Nikasema moyoni, mtu asiyejua jina la mwenzake labda hakufika huko."

Ngumbao alirudi kibandani jua likiwa limeinama. Masha hakuwa amemnyoa mtu. Alikaa kwenye kiti cha wateja, anautazama ule mraba mweupe kupitia kioo.

"Picha ile nani huigusa?" aliuliza Inspekta.

"Hakuna. Naipangusa mwenyewe kila asubuhi. Ingawa siku hizi inachafuka."

"Inachafukaje?"

"Alama ya kidole, Afande. Ya mafuta. Leo naifuta, kesho ipo. Nilidhani ni mafuta ya nywele ya wateja."

"Iko sehemu gani?"

"Usoni."

"Uso wako?"

"Wa yule wa kushoto."

"Kila siku hapo hapo?"

"Hapo hapo."

"Tangu lini?"

"Yapata wiki tatu."

"Na Mama Mahamri alianza lini kuuza hapa?"

Masha aligeuka, akakitazama kizingiti.

Ngumbao alijiketisha kwenye benchi kama mtu aliyeambiwa habari ya msiba. Sasa aliliona kapu. Asubuhi alikuwa amemuuliza yule mama kama amembakishia mahamri mawili, akajibiwa, yamekwisha, mwanangu, umechelewa. Kisha akaombwa amtwike. Na yeye, mtoto wa Kigiriama aliyekua akiwatwika mama na shangazi zake mitungi na kuni, akiambiwa "nitwike" mikono huinuka kabla ya akili. Aliliinua kapu, akausikia uzito wake, akaliweka kichwani pa mama taratibu lisimpinde shingo, akashukuriwa.

Mwanamke aliyekwisha kuuza hatwikwi. Kapu tupu hulining'iniza mkononi, akaenda zake akipunga upepo.

"Masha," alisema, "yule wa kushoto ni nani?"

Kinyozi alijibu bila kumtazama. "Charo." Ilikuwa mara ya kwanza kulitamka jina hilo tangu ashuke melini.

Walimkuta Mama Mahamri Miritini, nyumbani kwa mpwa wake alikopanga chumba. Hakuwa ameificha picha. Ameiegemeza ukutani, naye amekaa mkekani mbele yake, miguu ameinyoosha, kama mtu aliyetembelewa na mgeni wa mbali na hataki kumwacha peke yake.

"Hodi, Mama Mahamri."

"Abee. Piteni."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nilijua mtakuja. Sikujua mtakawia hivi."

"Ni wewe uliyeichukua?"

"Ni mimi. Na wewe ndiye uliyenitwika. Mungu akubariki."

Ngumbao aliona ni heri asiandike hilo kwenye daftari.

Jina lake lilikuwa Philister, mtu wa Rabai, na Charo alikuwa mwanawe wa pekee. Aliingiza mkono chini ya mto, akatoa barua iliyochakaa mikunjo, akampa Inspekta aisome kwa sauti. Alikuwa hajui kusoma, lakini midomo yake ilitangulia kila neno.

"Mama, hapa kuna mto unaanguka mchana kutwa na usiku kucha, na hakuna hata mtu mmoja anayekinga mtungi. Nilikukumbuka wewe na njia ya kisimani. Tumepigwa picha, mimi na rafiki yangu Masha, kinyozi wa Changamwe. Nitakuja nayo uyaone maji haya."

Baada ya barua hiyo ilikuja nyingine, ya serikali, fupi. Ilisema amekufa. Haikusema vipi.

Philister alieleza bila haraka. Vita vilipokwisha na askari kurudi, akasikia kwamba Masha amefungua kibanda. Akajua atakuja Rabai kumpa pole, maana rafiki ndivyo afanyavyo. Alifagia uwanja mwaka mzima. Masha hakuja. Kisha akasikia habari za picha, akaja mwenyewe, akakaanga mahamri, akakaa kizingitini. Masha akienda bombani, yeye huingia, huugusa ule uso, hutoka.

"Kwa nini hukumwambia wewe ni nani?" aliuliza Ngumbao.

"Nilitaka amtaje yeye. Wiki tatu namsikia. Dereva wa lori ana jina. Mpiga picha ana jina. Mto una jina. Mwanangu ni askari tu."

"Na leo?"

"Leo mteja mmoja alimuuliza tena, nami nikategea sikio. Akasema, ah, huyo ni mtu aliyepita tu. Basi nikaona kama anapita, na apite kwetu."

Masha alikuwa bado mlangoni. Mtu aliyewachekesha Changamwe nzima hakujua aweke wapi mikono yake. Akachutama, akaanza kusema, na Ngumbao, aliyesikia maungamo mengi katika kazi yake, alijua haya hayakuwa yakisemwa kwake.

Juma moja baada ya safari ya Hundru, Jumapili, yeye na Charo walirudi kwenye lile ziwa la mjini. Hakuna aliyewatuma, walipapenda tu. Masha alimwambia Charo waogelee mpaka kisiwani. Charo akasema hawezi, kwao hakuna maji ya kujifunzia. Masha akamwita mtu wa kisimani. Akamcheka. Charo naye akacheka, akavua shati.

"Nilikuwa bado nacheka, mama," alisema Masha, "alipozama."

Kwa wakubwa wake alisema alimkuta amekwisha kuingia majini. Hakuna aliyemuuliza zaidi.

"Nikilitaja jina lake lazima nisimulie mpaka mwisho. Nikisema askari tu, anabaki pale pale. Amesimama, kofia mkononi, anacheka."

Nje mpwa wa Philister alikuwa akipepeta mchele, naye akaacha.

"Maji yalikuwa baridi?" aliuliza Philister.

"Hapana, mama. Yalikuwa na joto la jua."

"Na kaburi?"

"Lipo kule Ranchi. Jina niliandika mwenyewe msalabani."

Mama aliitikia kwa kichwa, mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

Sheria nayo ilikuwa chumbani, imekaa kama mgeni ambaye hajakaribishwa chai. Mali iliyoibwa imeonekana, mshukiwa amekiri, mlalamikaji yupo. Ngumbao alimuuliza Masha kama anashtaki. Masha akatikisa kichwa. Inspekta akatia kalamu mfukoni, akadhani kazi imekwisha, na huo ukawa ujinga wake wa pili kwa siku moja.

Maana Masha aliitaka picha. Aliomba kwa upole, lakini aliomba. Alisema ataipeleka mjini, fundi atoe nakala, na baada ya siku kumi atampelekea Philister nakala hiyo, Rabai, kwa miguu yake mwenyewe.

"Nakala," alisema Philister. "Serikali ilinipa karatasi badala ya mwanangu. Nawe wataka kunipa ya pili."

Masha hakukubali kushindwa. Alisema kwamba hana kingine kilichotoka kule. Kwamba ukuta ukibaki mtupu, baada ya miaka miwili hata yeye ataanza kuamini maneno ya Mutua. Kwamba siku nyingine akinyoa hujikuta amesimama na wembe hewani, anausikia ule mto, na akigeuka akiuona hupona. Ngumbao alitazama chini, maana na yeye alikuwa na lake pale ukutani, ila hakuwa na haki ya kulitaja.

"Tena mimi nami nimo humo, mama," alisema Masha. "Nusu ya picha ni mimi."

Philister aliivuta picha ikamlalia mapajani. Akafuta kioo kwa ncha ya leso, upande wa kushoto.

"Wewe ukitaka kujiona," alisema, "kioo unacho kibandani."