Figo Iliyong'aa

Asubuhi hiyo nyumba ilikuwa shwari. Dada mtu alimimina chai, mdogo wake akapiga pasi gauni la kuvaa chuoni, maana ndiyo siku aliyokuwa atetee utafiti wake. Walizaliwa tumbo moja, wakala sahani moja, na sasa walifanya kazi maabara moja. Huko dada mtu aliitwa Bi Hakika, maana neno hilo lilikuwa halimkauki mdomoni.

Sasa nisikilizeni, wenzangu. Seli za mwili zina protini ambazo ni pampu: husukuma sodiamu nje, kama watu wanaotoa maji yaliyofurika chumbani. Pampu hizo zina aina zake, nazo hufanana kama ndugu. Bi Hakika alitengeneza kingamwili, yaani protini inayonasa protini nyingine, akaitia rangi ya kung'aa, akasema inashika aina ya pampu ya ubongo peke yake. Akaandika makala juu yake, sifa zikammiminikia, naye akanogewa.

"Dada, tuijaribu kwenye figo kwanza," mdogo mtu alimwambia walipoanza. "Aina ile figoni haipo. Figo ikibaki giza ndiyo tutajua."

"Ubongo unang'aa vizuri. Unataka kunifundisha kazi?"

Utambishiaje dada aliyekubeba mgongoni? Mdogo mtu akajenga utafiti wake wote juu ya kingamwili ile.

Basi siku ya utetezi mtahini akauliza, "Kipande cha figo kiko wapi?" Hakikuwepo. Akaagiza kipimwe. Majibu yalipotoka, Bi Hakika alichungulia hadubini mwenyewe: figo iling'aa sawasawa na ubongo, kumbe kingamwili ilishika pampu za aina nyingine pia. Kazi ya miaka ya mdogo wake ikaenda na maji.

Bi Hakika alipofika nyumbani alimkuta mdogo wake anafungasha nguo. Aibu aliiweza, uchungu ndio uliomshinda.

"Nimekuharibia, mdogo wangu."

"Ungenisikiliza tu, dada. Ilikuwa kazi ndogo."

"Utarudi?"

"Sijui. Wewe una hakika?"

"Sina," alisema Bi Hakika.

Kesho yake alilitangaza kosa lake mbele ya maabara nzima na kuiondoa makala yake. Kitanda cha mdogo wake bado kimetandikwa, hakina mtu.

FUNZO

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Chombo chako kijaribu kwanza pale kinapotakiwa kukataa, ndipo utakiamini kinapokubali. Na mdogo wako akikuuliza swali, mjibu kwa kipimo, usimjibu kwa umri.